Kujifunza msamiati wa Kiebrania cha kila siku: kadi, mizizi, au Kiswahili chenyewe?

Mtu anayetaka kujifunza Kiebrania cha kila siku hupewa ushauri wa aina mbili unaopingana. Wa kwanza humwambia akariri maneno yanayotumika mara nyingi, kumi kila siku, kwa kadi au kwa programu ya simu, mpaka yamkae kichwani. Wa pili humwambia aache kukariri, kwa kuwa Kiebrania ni lugha ya mizizi, na aliyeujua mzizi mmoja wa herufi tatu amejipatia maneno kumi kwa mpigo. Nimetumia njia zote mbili, kila moja kwa muda wa kutosha kuona inakofaulu na inakokwama, na nimeona kwamba msemaji wa Kiswahili anayo pia njia ya tatu, ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa Ulaya na Marekani havina sababu ya kuitaja. Njia hiyo ni maneno yetu yenye asili ya Kiarabu, tuliyoyatumia toka utotoni bila kujua kwamba mengi yake ni ndugu wa damu wa maneno ya Kiebrania.

Ninawaandikia watu wenye haja ya kweli: kijana anayekwenda kwenye mafunzo ya kilimo katika bonde la Arava, kusini mwa Israeli, mwanafunzi wa theolojia anayetaka kusoma Agano la Kale bila mkalimani, mhujaji anayejiandaa kwa siku kumi za Yerusalemu, na mfanyakazi atakayeishi na familia ya Kiisraeli mwaka mzima. Haja zao hazifanani, na njia moja haiwezi kuwafaa wote kwa kiwango kimoja.

Maneno ya Kiebrania nitayaandika kwa herufi zetu jinsi yanavyotamkwa leo nchini Israeli. Kh isomwe kama katika neno kheri, ts isomwe kama sauti moja, na alama ya ritifaa ionyeshe mahali sauti inapokatika kidogo. Herufi zenyewe za Kiebrania nitazitoa pale tu ambapo matamshi peke yake yanaweza kumpotosha msomaji.

Kadi: unachohitaji leo

Kadi zina sifa moja ambayo watetezi wa mizizi huidharau pasipo haki, nayo ni kwamba zinakupa neno unalolihitaji leo. Mtu aliyetua jana anahitaji mayim (maji), sherutim (choo), eifo (wapi), akhshav (sasa), slikha (samahani), bevakasha (tafadhali) na kama ze ole? (hii ni bei gani?). Anahitaji vilevile vijineno visivyokwepeka katika sentensi yoyote, kama gam (pia), rak (tu), od (zaidi), kvar (tayari) na aval (lakini). Vijineno hivi ndivyo vinavyosikika mara nyingi kuliko vyote, na karibu vyote havina mzizi unaozaa kitu cha maana kwa mwanafunzi. Ukisubiri mizizi ikufikishe kwenye aval, utasubiri sana.

Zaidi ya hayo, kadi zina utaratibu uliojaribiwa. Sebastian Leitner aliueleza mwaka 1972 kwa mfano wa masanduku: neno unalolikosea hurudi kwenye sanduku la kwanza na unaliona tena kesho, na neno unalolijua husogezwa kwenye sanduku linalofunguliwa baada ya siku kadhaa, kisha baada ya wiki kadhaa. Programu ya Anki hufanya jambo hilohilo kwenye simu au kompyuta. Kwa maneno mia mbili au tatu za mwanzo, sijaona njia inayoizidi hii.

Kasoro yake hujitokeza baadaye, pale ambapo kadi zimekuwa nyingi na kila neno linasimama peke yake kama mgeni asiye na ukoo. Mimi nilikwama kwenye maneno yanayoanza na mi-. Nilikuwa na kadi ya mispar (nambari), ya misrad (ofisi), ya mis'ada (mgahawa), ya mishpat (hukumu, na pia sentensi), ya mikhtav (barua), ya mitbakh (jiko, yaani chumba cha kupikia) na ya mitriya (mwavuli). Kwa wiki tatu nilikuwa nikiyabadilisha haya kwa haya, na kila nilipodhani nimeyashinda, kadi zilirudi kwenye sanduku la kwanza. Utaratibu wa kurudia ulikuwa unafanya kazi yake barabara, lakini ulikuwa unanirudishia vitu ambavyo masikio yangu hayakuwa na njia ya kuvitenganisha.

Siku niliyoelezwa kwamba ile mi- ya mwanzo ni umbo tu, na kwamba neno lenyewe liko katika herufi tatu zinazofuata, maneno hayo yaliachana. Mitbakh lilikwenda kukaa na tabakh, yaani mpishi. Mikhtav lilikwenda kwa katav, aliandika. Mitriya, ambalo m yake ni ya mzizi wenyewe, lilitoka kwa matar, mvua, nikatambua kwamba Waebrania wamekiita kifaa hicho kwa jina la mvua, ilhali sisi tumekiita kwa jina la kivuli. Misrad ndilo peke yake lililoendelea kunisumbua, kwa kuwa sikulipatia jamaa wa kulisogeza karibu naye.

Mizizi: kinachoshika na kisichozaa

Msemaji wa Kiswahili haogopi mzizi. Katika -pik- anaona pika, mpishi, mapishi, pikia, pikisha na pikika, na anajua bila kufundishwa kwamba m- ya mwanzo yenye -i ya mwisho humtaja mtendaji. Kiebrania hufanya kazi ya namna hiyo kwa njia nyingine: badala ya kubandika viambishi mbele na nyuma tu, huingiza pia irabu katikati ya konsonanti, na konsonanti hizo, ambazo kwa kawaida ni tatu, hubaki katika mpangilio wao. Kwa konsonanti k-t-v hupatikana katav (aliandika), kotev (mwenye kuandika), katav kwa umbo jingine (mwandishi wa habari), ktav (mwandiko), mikhtav (barua), ktovet (anwani), makhteva (meza ya kuandikia), hakhtava (imla) na ktuba (mkataba wa ndoa).

Maumbo hayo yana faida kama ya ngeli zetu. Jina la dhahania lenye -ut mwishoni linafanana sana kimatumizi na ngeli ya u-: yeled ni mtoto na yaldut ni utoto, khaver ni rafiki na khaverut ni urafiki. Umbo la mtenda kazi lenye irabu a mara mbili humpa mtu tabakh (mpishi), sapar (kinyozi), nagar (seremala), nahag (dereva) na zamar (mwimbaji). Lakini umbo lililonifurahisha kuliko yote ni lile la magonjwa. Kutoka kelev, mbwa, wamepata kalevet, ambalo ni kichaa cha mbwa. Kutoka tsahov, rangi ya manjano, wamepata tsahevet, ugonjwa wa manjano. Na kutoka sukar, sukari, wamepata sukeret, ambalo ni kisukari. Sisi tumechukua neno lilelile la sukari tukaliwekea ki- mbele, na wao wamelitia katika umbo lao la magonjwa. Mtu aliyeona mambo hayo matatu kwa pamoja hahitaji kadi ya sukeret.

Kwenye vitenzi faida ni kubwa zaidi, na hapa msemaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri kuliko Mwingereza. Kiebrania kina maumbo saba ya vitenzi yanayoitwa binyanim, na vitabu vingi huyaeleza kwa kurasa nyingi zenye kuchosha. Sisi tumezoea andika, andikwa, andikisha na andikiana. Kwa Kiebrania katav ni andika, nikhtav ni andikwa, hikhtiv ni kumsomea mtu ili aandike, na hitkatev ni andikiana. Vivyo hivyo lamad ni alijifunza na limed ni alifundisha, ambapo sisi tuna jifunza na funza. Maumbo hayalingani moja kwa moja kila mahali, lakini fikra ya kwamba kitenzi kimoja hubadili sura ili kibadili uhusiano wa watendaji ni fikra tuliyonyonya pamoja na maziwa.

Pamoja na sifa zote hizo, dai kwamba mzizi mmoja unakupa maneno kumi kwa mpigo si la kweli, na ni lazima niliseme wazi kwa kuwa limewapotezea muda watu wengi. Chukua herufi ל-ח-ם, yaani l-kh-m. Nilikuwa nalo neno lekhem, mkate, ambalo kila Mkristo analo bila kujua katika jina la Bethlehemu, nyumba ya mkate. Nikakutana na milkhama, ambalo kwa umbo lake lingeweza kuwa kitu chochote kinachohusu mkate, nikakisia kwamba ni duka la kuokea. Milkhama ni vita. Miezi kadhaa baadaye, katika karakana ndogo mjini Haifa, fundi aliyekuwa ameinamia bodi ya redio alininyoshea kiganja bila kuinua macho akasema, "Malkhem." Juu ya meza kulikuwa na koleo, bisibisi, nyaya na kile chuma chenye ncha ya moto ambacho moshi wake ulikuwa bado unapanda. Nilikiangalia kile chuma, neno la Kiswahili likanijia lenyewe: kulehemu. Malkhem ni chuma cha kulehemia, na kitendo chenyewe ni lehalkhim. Mkate, vita na kulehemu vyote vimo katika herufi tatu zilezile, na hakuna mwanafunzi ambaye angekisia kimojawapo kwa kukijua kingine.

Ndipo nilipofikia msimamo nilio nao hadi leo, kwamba mzizi hauzai neno usilolijua, bali unalishika neno ulilokwisha kukutana nalo. Ukilijua lekhem na ukalisikia malkhem kwa fundi, ule mzizi unayaweka mahali pamoja na hutayasahau. Ukijaribu kuutumia mzizi uleule kubashiri neno ambalo hujalisikia, utaingia duka la mikate ukiulizia vita. Kwa hiyo njia ya mizizi haina kazi kubwa kwa mtu mwenye maneno thelathini, kwa sababu hakuna cha kushikwa, na huanza kuwa na nguvu kubwa mtu anapokuwa na mia tatu au nne.

Kuna sehemu moja ya msamiati ambapo mizizi huaminika zaidi, nayo ni maneno mapya. Eliezer Ben-Yehuda alipohamia Yerusalemu mwaka 1881 na kuanza kuzungumza Kiebrania nyumbani kwake, alikuta lugha yenye maneno tele ya sala, sheria na kilimo, lakini isiyo na maneno ya vitu vingi vya maisha ya kisasa. Yeye na wenzake waliyaunda kwa makusudi kutoka katika mizizi ya zamani: milon (kamusi) kutoka mila (neno), iton (gazeti) kutoka et (wakati). Chombo kilichoendeleza kazi hiyo kikawa, kuanzia mwaka 1953, Akademia ya Lugha ya Kiebrania, ambayo kazi yake haiko mbali na ile ya BAKITA kwetu. Neno lililoundwa kwa makusudi hubeba sababu yake waziwazi, wakati neno la kale limepitia karne nyingi za kugeuka maana. Ndiyo maana makhshev (kompyuta) inaelezeka kwa mzizi wake vizuri kuliko lekhem.

Mtu anayetaka kuifuata njia hii asihangaike kutafuta mizizi kwa kubahatisha. Tovuti ya Pealim huonyesha mzizi wa kitenzi, maumbo yake yote na jamaa zake, na inatosha kwa mwanafunzi wa kawaida.

Kiswahili chenyewe: hazina iliyo mfukoni

Makhshev hiyohiyo inatufikisha kwenye njia ya tatu. Mzizi wake ni kh-sh-v, na kutoka humo wamepata lakhshov (kufikiri), makhshava (wazo), khashuv (muhimu), makhshevon (kikokotoo), khashav (mhasibu) na kheshbon, ambalo ni hesabu, na ndilo neno unalomwambia mhudumu wa mgahawa ukimaliza kula na kutaka kulipa. Kheshbon ni hesabu, na khashav ni mhasibu. Maneno haya hatukuyapata kwa Waebrania. Tuliyapata kwa Waarabu, ambao lugha yao na Kiebrania zina chimbuko moja la Kisemiti.

Kwa maoni yangu hapa ndipo pa kuanzia kwa msemaji wa Kiswahili, hata kabla ya kadi, na mahali pazuri kuliko pote ni tarakimu. Sita ni shesh, saba ni sheva, tisa ni tesha, mia ni me'a na elfu ni elef. Ishirini ni esrim, thelathini ni shloshim, arobaini ni arba'im, hamsini ni khamishim, sitini ni shishim, sabini ni shiv'im, themanini ni shmonim, tisini ni tish'im. Mwanafunzi wa Kijapani hukaa na orodha hii kwa siku kadhaa. Wewe unahitaji alasiri moja na sheria chache za sauti. Hata siku ya Alhamisi, ambayo kwetu inaleta utata kidogo kwa kuwa jina lake lina tano ya Kiarabu na ilhali Jumatano ina tano ya Kibantu, kwao ni yom khamishi, siku ya tano, na ni siku ileile.

Sheria zenyewe ni hizi. S ya Kiarabu mara nyingi ni sh ya Kiebrania: salamu ni shalom, swali ni she'ela, soko ni shuk, saa ni sha'a, nafsi ni nefesh. Th ya Kiarabu nayo huwa sh, kama ulivyoona katika thelathini, na kama unavyoweza kuona katika kitunguu saumu, ambacho saumu yake inatokana na thum ya Kiarabu na kwao ni shum. Kinyume chake, sh ya Kiarabu mara kadhaa ni s kwao: ishirini ni esrim, shetani ni satan. Dh ya ardhi ni ts, hivyo nchi ni erets. A ndefu ya Kiarabu mara nyingi ni o: salamu na shalom tena, katibu na kotev, rasi na rosh, ambalo ni kichwa na pia kiongozi. W ya mwanzo wa mzizi ni y: Maulidi ina mzizi mmoja na yeled (mtoto) na yom huledet (siku ya kuzaliwa), na waraka, ambao kwa asili ni jani, una mzizi mmoja na yarok (kijani) na yerakot (mboga za majani).

Yapo mengine ambayo hayahitaji sheria yoyote. Damu ni dam. Kaburi ni kever. Roho ni ruakh, ambalo pia ni upepo. Baraka ni brakha, rehema ni rakhamim, zaituni ni zayit, mauti ni mavet, malaika ni mal'akh. Binadamu ni ben adam, neno kwa neno. Wakristo wana pia majina yao: anayeitwa Debora anaitwa nyuki, Yona ni njiwa, Tamari ni mtende, Raheli ni kondoo jike na Zipora ni ndege, na mengi yake ni maneno yanayotumika hadi leo.

Lakini neno ninalolipenda kuliko yote ni lile tunalomwambia kila mgeni. Karibu ni karov. Jamaa, ambao sisi pia huwaita akraba, kwao ni krovim. Hivi karibuni ni bekarov. Korban ni sadaka, na siku hizi pia ni mtu aliyepatwa na madhara ya ajali au uhalifu. Krav ni pigano, kwa kuwa anayepigana humkaribia adui. Mtu anayesema karibu mara ishirini kwa siku ameshika tayari ncha ya uzi wa familia nzima.

Hatari ya njia hii ni kuamini kila mfanano. Khaver, rafiki, halina uhusiano na habari, japo yanasikika jirani. Sefer ni kitabu wala si safari. Dini na din ni ndugu kweli, lakini maana zimeachana: kwao din ni sheria na hukumu, bet din ni mahakama, na orekh din ni wakili, hivyo ukimsikia mtu akisema anamtafuta orekh din usimwelekeze msikitini wala kanisani. Ukomo wake pia uko wazi: njia hii inakupa mamia ya maneno kwa bei rahisi, kisha inakauka, na haitakupa kamwe eifo wala bevakasha.

Macho na masikio

Jambo ambalo ulinganisho wa njia hizi hulisahau mara nyingi ni kwamba mzizi huonekana kwa macho kuliko unavyosikika. Kiebrania cha leo kimepoteza tofauti kadhaa za sauti ambazo maandishi yamezihifadhi. Kaf na kuf zote husikika k, tet na tav zote husikika t, na kwa wengi alef na ayin hazisikiki kabisa. Kara (קרא) ni alisoma, na kara (קרה) ni ilitokea. Et (עט) ni kalamu, na et (עת) ni wakati. Sakhar (שכר) ni mshahara na sakhar (סחר) ni biashara, na mfanyakazi anayesikia neno hilo katika mazungumzo kuhusu malipo yake ana haki ya kujua ni lipi. Hata yule karov wetu ana mtego: kruv (כרוב) ni kabichi, linaandikwa kwa kaf badala ya kuf, na halimo kabisa katika ukoo wa karibu.

Kwa sababu hiyo, anayejifunza kwa mizizi bila kujua herufi 22 za Kiebrania anajenga bila msingi, na anayejifunza kwa kadi zenye herufi za Kilatini tu ataweza kuongea kidogo lakini hataona mizizi kamwe. Kwa upande mwingine, magazeti na vibao vya barabarani huandikwa bila alama za irabu, na hapo mizizi hulipa fidia yote ya taabu yake: msomaji hutambua herufi tatu anazozijua, huangalia umbo linalozizunguka, na hupata matamshi yenyewe. Katika kusoma, mizizi inaishinda kadi kwa mbali. Katika mazungumzo ya haraka sokoni, kadi na misemo mizima hushinda, kwa sababu hakuna muuzaji wa Mahane Yehuda atakayekusubiri uchambue konsonanti.

Nani achague nini

Mhujaji wa siku kumi asijishughulishe na mizizi. Achukue tarakimu na maneno ya ukoo wa Kiswahili kwa jioni mbili, aongeze kadi 60 za misemo ya njiani, na atakuwa na zaidi ya wenzake wote katika basi.

Mwanafunzi wa theolojia afanye kinyume. Kiebrania cha Biblia kina kiasi cha maneno 8,000 tu, mengi hujitokeza mara chache, na bila mizizi hayabebeki. Ajifunze herufi wiki ya kwanza, kadi za vitenzi vinavyorudiwa sana miezi miwili ya mwanzo, kisha mizizi bila kuacha. Atahadhari na jambo moja: neno la kale laweza kuwa na maana nyingine leo, kama khashmal, ambalo katika maono ya Ezekieli ni kitu kinachong'aa katikati ya moto na leo ni umeme wa kulipia ankara.

Kijana wa Arava na mfanyakazi wa nyumbani wako katikati, na hao ndio ninaowafikiria zaidi, kwa kuwa wao hawana uwezo wa kuchagua kutoelewa. Kama wanaweza kuingia ulpan, yaani darasa la Kiebrania kwa watu wazima la aina iliyoanza na Ulpan Etzion mjini Yerusalemu mwaka 1949, ambako mwalimu hufundisha Kiebrania kwa Kiebrania, waingie bila kusita. Ila wasiingie mikono mitupu. Kabla ya safari, wiki mbili zitumike kwa maneno ya ukoo wa Kiswahili. Miezi mitatu ya mwanzo iwe ya kadi, na maneno yatoke katika kazi yenyewe: tuta na bomba la maji (maneno hayo hayasomwi kitabuni, husikika shambani), dawa, saa za zamu, viungo vya mwili wa mzee unayemhudumia. Mizizi ianze mwezi wa nne, na ianze kwa maneno yaliyokwisha kusikika tu.

Kwa mizizi hiyo daftari la kawaida linafaa kuliko programu yoyote. Kila mzizi upewe ukurasa wake, na neno lisiandikwe mpaka limesikika kinywani mwa mtu au limeonekana kwenye kibao, likiwa na tarehe na mahali. Kiebrania huandikwa kutoka kulia, kwa hiyo maneno yao yaanzie ukingo wa kulia na Kiswahili kianzie ukingo wa kushoto, ili safu mbili zielekeane. Ukurasa wa kwanza ni ק-ר-ב, yaani k-r-v. Upande wa kushoto andika karibu, akraba, hivi karibuni. Upande wa kulia andika karov siku utakayoulizwa kama kituo cha basi kiko karibu, krovim siku utakayoonyeshwa picha za jamaa ukutani, na bekarov siku utakapouliza malipo yako yatatoka lini na kujibiwa kwa neno hilo moja.